CD ya Fundi Paa

Mikindani,
Jumatatu, 17 Novemba 2025

Kwa Dada yangu Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya lolote nakusalimu wewe, Shemeji na wanao wote wawili. Sisi huku tu wazima. Goti la Mama limepungua kuuma tangu aanze kutembea asubuhi hadi sokoni na kurudi, ingawa akifika huko hukaa kwenye benchi la muuza mihogo mpaka jua linakuwa kali, kisha anarudi kutuambia kwamba ametembea sana. Amenituma nikuandikie kuwa umekonda kwenye picha ya mwisho. Mimi sijaona kama umekonda, lakini mjumbe hauawi.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu unayeongea naye kwenye simu kila Ijumaa. Sababu utaiona ukifika chini. Nakuomba tu usiruke mistari, maana nakujua wewe, kitabu ulikuwa unakianzia mwisho.

Banda la gemu linakwenda vizuri, nasema bila kujivuna, au basi nijivune kidogo. Wakati Baba anafariki palikuwa na viti sita na vitatu kati yake vilikuwa vibovu. Sasa kuna benchi tatu na watu wanasimama. Msimu huu wa korosho wanatoka mpaka Nanyamba na Mpapura, wakishapeleka mzigo ghalani wanapitia kwangu, watu wazima wenye mvi, wanagombea pedi za kuchezea. Waliosema gemu zimekwisha kwa kuwa kila mtu ana simu, waje waone.

Sasa nije kwenye swali lako la Ijumaa. Uliniuliza kama ufungue akaunti nyingine ununue tena ule mkusanyiko wa gemu za zamani, tuupakue upya, kwa sababu bei imeshuka, na ukasema siku hizi nani anahangaika na CD. Jibu langu ni usinunue. Ukiniita mshamba nitakubali, ila mshamba huyu ana ushahidi.

Kumbuka tulikoanzia. Baba, Mungu amrehemu, aliposikia kwamba kampuni ile ya Japani imekusanya gemu zake ishirini za zamani na kuzitoa upya kwa mashine za kisasa, aliuliza jambo moja tu, kama Fundi Paa imo. Wewe na mimi ndio tuliobaki tunaojua uzito wa swali lile. Kijitu chenye kofia kinakimbia juu ya mapaa, kinaezeka kabla mvua haijaanza. Jina lake la kweli hatukulijua kamwe, kaseti yetu ya zamani yote iliandikwa Kijapani. Fundi Paa ni jina la Mikindani.

Wewe kwa mapenzi yako ukanunua kasha hukohuko Maskati, zuri, lina picha ya Fundi Paa mgongoni, limetokea Ulaya. Baba akalifungua mbele yetu kwa wembe taratibu, asichane karatasi. Ndani hamkuwa na CD. Mlikuwa na kikaratasi chenye namba za kupakulia. Akaligeuza kasha, akalitikisa, akasema, “Mwanangu ameuziwa ganda. Korosho wamebaki nayo wenyewe.”

Na zile namba nazo zikakataa. Zilikuwa za duka la Ulaya, na akaunti yetu ilikuwa ya Omani, kwa sababu tulipoifungua, orodha ile ndefu ya nchi ilishuka mpaka chini na Tanzania hatukuiona. Ndipo Baba, ambaye maisha yake yote hakuvuka maji zaidi ya Msimbati, akaandikishwa kuwa mkazi wa Maskati. Alicheka siku nzima. Alikuwa akiingia msikitini anawaambia wenzake amerudi kutoka Arabuni.

Ukanunua mara ya pili, kwenye duka la Omani, kwa kadi yako. Tukapakua siku nne kwa bando za simu. Zikafika gemu kumi na nane. Mbili zimeachwa, ni za wateja wa Japani peke yao kwa mambo ya haki zao wanazozijua wao, na mojawapo ilikuwa Fundi Paa. Baba alizicheza zile nyingine kwa heshima yako, kama mtu anayekula chakula cha mgeni bila njaa.

Kilichofuata unakijua nusu. Mzee wetu hakukubali kushindwa, akamwendea Joshua, yule wa spea za magari karibu na stendi, ambaye huagiza injini na taa kutoka Japani. Akamwomba, kontena lijalo, watu wake wa kule wanunue toleo la Japani lenye CD yake kamili na gemu zote ishirini, walipenyeze kwenye mzigo. Joshua akacheka, lakini akaagiza.

Baba alipofariki, siku ya arobaini tukakaa kwa mirathi. Wewe ulikuwa kwenye simu. Tukagawana nyumba, minazi na shamba la Mpapura, kisha nikamuuliza Maalimu Issa kuhusu zile gemu za kupakua. Akataka zitolewe azione. Nikamwambia hazitoleki, zipo kwenye akaunti. Akauliza akaunti ya nani. Nikasema jina ni la Baba, kadi ni ya Zuhura, na nchi ni Omani ingawa Baba alikuwa hapa. Maalimu alifunga kitabu chake akasema yeye anagawa alichoacha marehemu, na kitu ambacho ufunguo wake uko kwa mwenye duka hawezi kusema kama marehemu alikiacha au alikuwa ameazimwa tu. Watu walicheka, hata wewe nilikusikia.

Miezi miwili baadaye ukabadilisha laini ya simu. Mashine ikataka mwenye akaunti athibitishe kuwa ni yeye, ikapeleka namba za siri kwenye laini yako ya zamani, na gemu zote kumi na nane zikafungwa kufuli. Haikupotea hata moja, zote zipo, tunaziona picha zake, hazifunguki. Ndiyo maana nasema usinunue tena. Kitu cha kupakua hakikopesheki, hakirithishwi, na ukikosa kuwa mtu wa nchi fulani unanyang'anywa umekaa kwako.

Siku ile ya arobaini Maalimu aliniuliza swali moja zaidi, Dada, na wewe uliniuliza hilohilo baada ya watu kuondoka. Yeye aliuliza kama kuna kingine marehemu alichoacha. Nikasema hakuna. Wewe uliuliza kama mzigo wa Joshua ulifika. Nikasema haukufika.

Ulifika. Ulifika siku tisa kabla Baba hajatutoka, umefungwa kwenye tambara katikati ya saitimira mbili za gari. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imechukua mwaka na nusu, lakini imeishia hapa.

Nikueleze yote. Baba aliicheza CD ile siku tano, mashine tumeihamishia chumbani, amewekewa mito mgongoni. Mikono ilikuwa inatetemeka akishika kikombe, lakini akishika pedi inatulia. Siku ya sita hakuweza tena. Akaitoa CD, akairudisha kwenye kasha lake, akanipa, akasema, “Hii ni ya Zuhura. Akija likizo acheze sebuleni, mbele za watu.” Sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa, nilisikia vizuri kabisa. Haikuwa mali ya kugawana. Ilikuwa yako, na mimi nilikabidhiwa amana.

Unataka kujua kwa nini. Ningeweza kusema ni kwa sababu banda lilikuwa linakufa, na ni kweli, CD ile ndiyo iliyolijaza. Lakini ukweli wa ndani ni wivu. Unakumbuka Bibi alivyokataza usikae bandani na wavulana, na Baba akatoboa ukuta wa banda chini ya pazia la kidirisha cha ndani, akapitisha waya wa pedi ya pili mpaka chumba cha Mama. Wewe ukicheza umejificha, unachungulia kwenye upenyo wa pazia. Wavulana wakiuliza nani anawafunga, Baba anawaambia kwamba ndani ya kaseti mna Mjapani. Wakaamini. Na mimi, kazi yangu kila siku ya Mungu ilikuwa kukalia ule waya usionekane. Kalio langu ndilo lililokupa ubingwa, Dada, na sikuwahi kupewa zamu. Nilipokabidhiwa CD ile nikajisemea, sasa zamu yangu.

Nikairudisha mashine bandani, nikaiweka CD ndani yake. Nilipoiwasha, kabla sijagusa kitu, ikaja orodha ya washindi. Ya kwanza, alama ambazo sijawahi kuziona, na mbele yake herufi tatu ulizokuwa ukiziandika kwenye kaseti ya zamani: ZUH. Baba alicheza siku zote tano akiandika jina lako. Lake hakuliandika hata mara moja.

Nilipaswa kukupigia dakika ileile. Badala yake nikafungua mlango wa banda.

Wa kwanza kuiona orodha alikuwa Mohamedi wa Nanyamba. Utamkumbuka, yule kijana mrefu uliyemfunga kwenye gemu mwaka mzima akaapa hagusi tena pedi. Sasa ana kitambi na ekari kumi za mikorosho. Alisimama mbele ya TV akasoma zile herufi, akawageukia wenzake akawaambia kwa sauti ya mtu aliyepata haki yake kwamba mnaona, Mjapani yupo, CD imetoka Japani moja kwa moja na jina lake limo. Wakaniangalia mimi. Nikaitika kwa kichwa. Tangu siku hiyo wanakuja kumwinda Mjapani. Watu wanapanda pikipiki kutoka Mpapura kuja kupambana na dada yangu, na mimi namwita Mjapani nikiwa nimesimama mlangoni mwa baba yake.

Nimeishi hivyo, mchana nina raha bandani, jioni nyumbani Mama ananitazama. Alikuwa hajui kwamba CD ni yako, lakini wiki iliyopita alikuja bandani, akasoma TV, akauliza mbele ya wateja kwa nini jina la mwanawe liko pale na mwanawe hayupo. Nikasingizia mteja anaita.

Alhamisi Mohamedi alirudi. Nilimwomba aketi, nikazima mashine, nikamwonyesha tundu la ukutani. Lipo bado, Dada, tuliliziba kwa gazeti tu. Nikamweleza nani alikuwa upande wa pili. Alichutama, mtu mzima na kitambi chake, akachomoa gazeti, akachungulia. Kisha akasema, “Nwambie ntu huyo aje. Safari hii pazia liondoke.” Benchi zote tatu zilisikia. Kwa hiyo Mikindani sasa inakujua, na nadhani mpaka unasoma hapa Nanyamba nayo imekujua.

Kosa nimelikiri kwa Maalimu Issa na kwa Mama, nikakubakisha wewe kwa sababu wewe ndiwe mwenye haki. Nisamehe, Dada. Nimekula amana yako mwaka na nusu. Nilikuonea wivu kwa kitu ambacho wewe mwenyewe ulikifanya gizani, na sikuwahi kufikiri kwamba kukaa nyuma ya pazia kunaweza kuwa kubaya kuliko kukalia waya.

CD iko ndani ya bahasha hii, kwenye kasha lake, na Mwanaidi wa Baba Mdogo, anayesafiri kuja huko, atakukabidhi mkononi. Haina mkwaruzo. Banda litapungua watu, najua, na sihofii. Nilijifunza kulijaza mara moja, nitalijaza tena, hata kama ni kwa kuonyesha mpira.

Ila kuna jambo moja unapaswa kulijua, na silisemi kwa hila. Kaseti ya zamani ilikuwa inaweka majina ndani yake yenyewe. CD haiweki. Ukiiwasha huko Maskati itacheza vizuri, lakini orodha ya washindi utaikuta tupu. Zile herufi tatu na zile alama zimebaki kwenye mashine, hapa, na bila CD mashine nayo haifungui orodha. Usiniombe picha, sikupiga na Mama amekataza. Ukitaka kuona Baba alivyoandika jina lako, itabidi ulete CD nyumbani.

Mama anakusalimu sana na kukuombea. Joshua anakusalimu, anasema saitimira alizotumia kukulindia mzigo hajapata mteja hadi leo. Mohamedi hakutuma salamu, amesema atakupa mwenyewe. Wabusu watoto, mpe Shemeji mkono wa heri. Allah akulinde na atukutanishe kwa kheri.

Ni mimi mdogo wako, mkalia waya,

Shafii Mgeni

Pazia nimelishusha leo asubuhi. Mama amelifua, analitafutia dirisha.