Blanketi la Alhamisi

1 Machi 1984. Asubuhi ukungu mwepesi, jua saa tatu.

Mwanangu Rumyana,
Hujambo, mama? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua. Umeufunga uzi wa Machi niliokutumia, ule mwekundu na mweupe wa kuleta afya? Usiufungue mpaka umwone korongo wa kwanza wa mwaka. Leo nimetundika blanketi jekundu uani ili Bibi Marta, yule bibi wa mwezi wa Machi, acheke, atuondolee baridi. Saa nne na dakika kumi ndege unayohudumia abiria ikapita, ikishuka kwenda Varna. Basi kila Alhamisi ukipita, blanketi litakuwa kwenye kamba. Tazama kushoto. Jirani Stoyanka anauliza ndege ikitua kwenye vitunguu vyake atamshtaki nani. Miezi saba sijakuona.
Mama yako, Penka

10 Machi, Sofia

Mama mpenzi,
Shikamoo. Goti limetulia? Mimi sijambo, miguu tu imevimba. Uzi ninao, ndani ya soksi, maana msimamizi wetu hataki kitu juu ya sare. Alhamisi, Siku ya Wanawake, rubani mkuu Bonev alitugawia maua. Bibi mmoja naye akamletea pilipili za siki, akakataa kuketi mpaka rubani aonje moja, ili asije akasinzia angani. Blanketi nimeliona, jekundu kabisa. Nilitaka kulia. Pasaka nitajitahidi nije.
Mwanao, Rumyana

24 Machi. Manyunyu tangu asubuhi.

Rumyana,
Mimi mzima, natumaini nawe u mzima. Nimefungua daftari langu. Tarehe nane: theluji mpaka saa saba, kikohozi, blanketi halikutoka kitandani, nami ndani yake.
Uliliona lipi?
Mama

30 Machi, Sofia

Mama,
Shikamoo. Kikohozi kimepungua? Nisamehe. Saa nne na dakika kumi huwa nimeinamia kitoroli nakusanya vikombe. Sijawahi kutazama nje hata mara moja. Niliogopa kukwambia unatundika bure. Nimemweleza Bonev yote. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka, kisha akasema, "Alhamisi vikombe vitasubiri. Mwambie mama yako nitainamisha bawa."
Kama umenisamehe, litundike.
Mwanao

6 Aprili. Anga safi, upepo kidogo.

Rumyana,
Sijambo. Jana bawa liliinama. Stoyanka alikimbilia vitunguu vyake. Nilichofanya na blanketi siandiki. Niandikie wewe ulichoona, na kama hukuona, sema hukuona.
Mama

9 Aprili, Sofia

Mama,
Shikamoo. Kamba ilikuwa tupu. Nilibana pua kwenye kioo, nikajua hujanisamehe. Halafu nikaona kitu chekundu kinatembea. Kilitoka mlangoni kwenda kisimani, kikipumzika kila hatua chache, bila shaka kwa ajili ya goti. Kikafika, kikafungua mikono.
Abiria wa safu ya saba aliniuliza kama naumwa.
Korongo sijamwona, lakini uzi nimeufungua. Nitakuja kuufunga kwenye mplamu wako siku ya Pasaka, kama desturi. Ruhusa nimepewa, imetiwa sahihi.
Mwanao, Rumyana

14 Aprili. Jua tangu alfajiri.

Rumyana, mwanangu,
Hujambo? Mimi mzima, na goti pia. Mplamu ulichanua juzi. Stoyanka anataka kujua kama Bonev ana mke. Nimemwambia aangalie vitunguu vyake.
Tangu ile barua yangu ya kukuuliza uliliona lipi, nilikuwa silali vizuri. Barua yako ilifika jana jioni. Niliisoma mara nne, nikajifunika lile blanketi, na saa tatu na nusu nikalala.
Mama yako, Penka