Herufi Moja Kati ya Seva na Diski Zake

Jumatano, Ngara. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyokata wala kunyesha kweli. Nimechoka mpaka kope.

Naandika nikiwa na hasira. Saa saba mchana nilikuwa nimemkasirikia mtu mwingine. Sasa najikasirikia mwenyewe, na hii ni mbaya zaidi kwa sababu siwezi kujipigia simu na kujifokea.

Seva ya maabara ya hospitali yetu ilikufa Jumatatu. Nakala ya majibu yote ya wagonjwa tunayo, ila seva mpya haina pa kuyaweka mpaka iunganishwe na kabati la diski. Kabati hilo ndilo linalotunza kumbukumbu za hospitali nzima. Tumeligawa mafungu, na kila fungu lina seva yake. Ili seva ilione fungu lake, mimi naandika jina la seva kwenye orodha ya fungu hilo. Basi. Kazi ya robo saa.

Imenichukua siku nzima.

Kabati ninaliongoza kutoka kwenye kompyuta ya ofisini kwangu. Seva mpya iko ng'ambo ya uwanja, chumba cha nyuma ya maabara, na huko alikuwepo Mzee Nestori, fundi wetu. Amefanya kazi hapa tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Aliniitikia shikamoo yangu kwenye simu, akanisomea jina la seva polepole: namba, nukta, namba, na mwisho kabisa jina la mahali ambalo wauzaji waliibandika, Lusahunga. Nikaandika. Nikabonyeza. Nikamwambia awashe upya.

"Haioni kitu," akasema.

Tukabadilisha waya. Haioni. Tukahamisha tundu. Taa ya kijani inawaka vizuri kabisa, lakini diski hakuna. Nikawapigia wauzaji Mwanza, wakaniambia niangalie waya. Waya! Nilikuwa nimeziangalia mpaka nazijua kwa rangi.

Kufikia saa saba, daktari wa watoto alikuwa amenipigia mara mbili. Kuna mama ametoka Bukiriro na mtoto mgongoni, mtoto mweupe viganja, na daktari anataka majibu ya damu ya mwezi uliopita ajue kama damu inashuka haraka au taratibu. Majibu yako kwenye nakala. Nakala haina pa kukaa. Nilimwambia "dakika kumi, daktari" kwa sauti ya mtu asiyejua anachosema.

Hapo ndipo nikavuka uwanja kwa mvua na wazo la kijinga. Nilitaka seva mpya niipe kwa muda fungu la kumbukumbu za wagonjwa, lile ambalo tayari lina seva yake, nione tu kama italiona.

Mzee Nestori aliweka mkono juu ya kibodi.

"Hapo sikubali, mwanangu. Seva mbili zikiandika kwenye fungu moja, zinaharibiana. Kesho hatutakuwa na jina la mgonjwa hata mmoja."

Alikuwa sahihi. Nilijua kuwa yuko sahihi. Na kwa sababu nilijua, nikamgeuzia kibao.

"Basi tatizo ni wewe," nikasema. "Umenisomea jina vibaya. Nyie wazee hamjui kutofautisha l na r mpaka leo."

Walikuwepo Adela, mkuu wa maabara, na wasaidizi wake wawili. Wote watatu wakainamia meza zao.

Mzee hakupandisha sauti. Alisogea pembeni, akanionyesha skrini. "Soma mwenyewe."

Nikasoma. Lusahunga. Nikarudi ofisini nimelowa, nikafungua orodha ya fungu la maabara.

Nilikuwa nimeandika rusahunga.

Mimi ni mtoto wa Nemba. Nyumbani kwetu kila mtu anasema Rusahunga, mama yangu, majirani, mimi mwenyewe maisha yangu yote. Mzee alinisomea l iliyonyooka kama ya mwalimu wa darasa la kwanza, sikio langu likasikia r ya kwetu.

Nikabadilisha herufi moja. Fungu likaonekana kabla sijanyanyua simu. Tulianza kurudisha majibu ya watoto, na saa tisa kasoro daktari alikuwa na karatasi mkononi. Damu ilikuwa imeshuka haraka, mtoto akaongezewa leo leo. Adela ameniambia jioni kwamba mtoto amenyonya na amelala. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, kidogo.

Saa kumi na moja nilimkuta Mzee Nestori barazani anavaa koti la mvua. Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, kwamba nimemvunjia heshima, anisamehe.

"Yameisha, mwanangu," akasema, akifunga vifungo. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, "Na wale wa maabara umewaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Adela alinishukuru kwenye korido kwa "kutatua tatizo", nami nikaitikia "karibu".

Hilo ndilo linaloniwasha. Nilimtukana mbele ya watu watatu, nikamwomba radhi mahali ambapo hakuna aliyesikia, na nikaona nimefanya jambo kubwa.

Asubuhi kuna kikao cha idara zote. Nitasimama niseme herufi iliyotusumbua ilikuwa ya nani, na ni nani aliyezuia kumbukumbu zisiharibike. Ninajijua, nitaanza kutafuta sababu ya kukaa kimya tangu nikipiga mswaki.

Nitasimama kabla sijaipata.