Taa Chini ya Kitambaa

Jumatano usiku

Fausta mkwe wangu, acha kuzimazima hilo boksi kubwa la waifai la sebuleni! Tangu Jumapili unazima, unawasha, na waifai ya jikoni haijarudi. Oliva wangu kajifungua huko Tunduru, ananipigia video nimwone mjukuu, na mimi naona duara linazunguka tu. Atadhani nimemsusia.

Leo nikamwuliza Fausta, haya yameanza lini? Akasema tangu boksi kubwa lilipojiwekea programu mpya. Na kiboksi cha jikoni kinachopokea kwake je, bado kinalisikia?

"Kingepotezana nalo, Mama, taa yake ingekuwa nyekundu."

Taa gani? Mimi sijawahi kuona taa. Akafunua kitambaa nilichokifuma mwenyewe kukinga kiboksi na moshi. Nyekundu, kama jicho la mlevi.

"Mama, umeifunika!"

"Na wewe una mikono, mbona hukufunua?"

Tukakipeleka kiboksi sebuleni, tukakiweka ubavuni mwa lile boksi kubwa. Fausta akabonyezabonyeza simu yake kuyaunganisha upya. Taa ikapepesa, ikapepesa, ikawa nyeupe. Tukakirudisha jikoni, ikabaki nyeupe. Yanaambiana nini haya maboksi, na ukuta uko katikati? Fausta hajui vizuri. Nitamwuliza tena.

Mtoto nimemwona. Pua ya babu yake, maskini.

Lakini kitambaa hakitoki. Moshi ni moshi. Nakifumua katikati, nakifuma upya na tundu la taa. Fausta aniletee uzi mweupe kesho asubuhi, na hadithi ya nani alifunika nini isifike kwa Oliva.