Masika, Kabugho Hakukuwekea Sumu

Masika, dada yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo sisi wawili. Wewe Mkonzo wa Bwera, mimi Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda, niliyeletwa kambi ya polisi ya Kasese na kazi ya mume wangu.

Chumba chako amepewa askari mwingine. Ametoka Soroti, ana mke na watoto, na hawana kosa lolote. Lakini nikimwona yule mama anaanika nguo kwenye kamba yako, naingia ndani. Bado sijaweza kumsalimia vizuri.

Unakumbuka ugonjwa ulivyoanza? Wakubwa wako walikuwa wanakupanga kwenye kizuizi cha barabara ya Mpondwe, mahali pasipo choo, na tumbo linakukata, na damu inatoka. Ukawa huli kabla ya zamu ili usiaibike mbele ya madereva. Kambini wakakupachika jina, "Afande wa Choo." Wengine wakanong'ona kwamba ni ukimwi. Ulipima, hukuwa nao. Ukatibiwa amiba, ukatibiwa taifodi, damu ikarudi.

Damu iliniogopesha, lakini ulipoacha kucheka niliogopa zaidi. Wewe uliyekuwa ukiniigiza ninavyovunja Kikonzo mpaka machozi yakutoke! Ukawa unakaa mlangoni na sinia ya maharage mapajani, huchambui, hutazami. Ukaniambia, "Akello, kichwa yangu imejaa moshi."

Tulikwenda hospitali ya Mbarara pamoja. Wakapitisha kamera ndogo, wakaona utumbo mpana umevimba na una vidonda. Daktari, binti mdogo kuliko sisi, alitueleza polepole kwamba hakuna mtu aliyekuambukiza, na kwamba ugonjwa huo hauishi upesi, unatulizwa kwa dawa. Halafu akasema jambo ambalo hatukulitegemea. "Afande, utumbo na ubongo vina mishipa ya fahamu inayoviunganisha, na habari hupita pande zote mbili. Utumbo ukiwaka, akili nayo inaweza kuzama. Akili ikiteseka sana, utumbo unaweza kuamka tena."

Ukamwuliza, "Kwa hiyo mimi si mwendawazimu?"

"Hapana. Unaumwa, na huzuni hiyo nayo tunaitibu."

Ulilia pale pale, umevaa sare.

Kwa miezi kadhaa ulirudi kuwa Masika. Ulinenepa kidogo. Ukabishana na muuza samaki sokoni kama zamani, mpaka akakuongezea mmoja ili uondoke. Kisha wakakurudisha kwenye kizuizi kile kile. Usingizi ukapotea. Ule moshi wako ulirudi kabla ya damu, Masika, niliuona. Nilikusihi turudi Mbarara. Ukasema, "Dawa ya nini? Waache wapate mutu mwenye nguvu." Ukaziacha zote, ya utumbo na ya huzuni.

Damu ilipokuja safari hiyo, ilikuja kwa nguvu. Tumbo likajaa likawa gumu kama ngoma, homa ikapanda. Walikupasua, lakini utumbo ulikuwa umeshatoboka. Nilikuwa kwenye benchi nimeshika viatu vyako walipotoka kuniambia.

Tulikuzika Bwera, kando ya kahawa za marehemu baba yako. Na hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Jeneza halijashushwa, mjomba wako akasimama akapaza sauti kwamba Kabugho, mke wa kaka yako Baluku, ndiye aliyekuua. Eti Krismasi ulikula kwake bundu, ule ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, ukaondoka unashika tumbo. Kabugho, aliyekuchemshia uji kila ulipokwenda nyumbani! Vijana wakaanza kumzunguka. Wengine walikuwa wameshika fimbo. Yeye akakaa chini, mtoto mgongoni, hata kulia hakulia.

Mimi ni mgeni kule, na Kikonzo changu unakijua. Lakini nilisimama, nikasema kwa Kiswahili, na Baluku akawa anageuza neno kwa neno kwa Kikonzo. Niliwaambia kuhusu kamera na vidonda. Niliwaambia ulikuwa unatoka damu muda mrefu kabla ya Krismasi ile. Niliwaambia alichosema daktari juu ya tumbo na akili, na kwamba uliacha dawa kwa sababu huzuni ilikuwa imekushinda.

Mama yako akainua mkono, watu wakanyamaza. Akaniuliza, "Mwana, iko kweli? Hakuna mutu alimulisha kitu?"

"Hakuna, Mama. Nilikuwa naye mbele ya daktari."

"Na ile kukaa kimya yake, nayo ilikuwa ugonjwa? Mi nilifikiri alituchoka."

Masika, sikujua mama yako alikuwa amebeba hilo. Nikamwambia, "Ilikuwa ugonjwa, Mama. Hakuwachoka." Kisha akaenda akaketi kwenye udongo pembeni ya Kabugho, akamtoa mtoto mgongoni akampakata yeye. Fimbo zikashuka. Mjomba wako aliondoka kabla hatujakufukia, na najua mpaka leo hajaamini.

Sasa mimi pia tumbo linanisumbua. Nikipita karibu na mlango wako linajikaza kama kamba. Nilikwenda nikapimwa, hawakuona kidonda. Nesi akaniuliza kama nimefiwa. Nililia, naye akaniacha nilie.

Jana Kabugho alipiga simu. Mama yako hataki kula. Asubuhi hafungulii mbuzi. Majirani wanasema ni msiba tu, utaisha wenyewe, na huenda ni kweli. Lakini Kabugho akasema, "Akello, anasema tumbo inamuuma na amechoka kuishi. Mi naogopa." Nami naogopa.

Kesho nakwenda Bwera. Mimi na Kabugho tutampeleka hospitali, nami nitaingia naye mpaka kwa daktari. Nitaeleza yote mawili, tumbo na huzuni, asije akataja moja akaficha jingine kama tulivyozoea sote. Kama naye ataponyoka mikononi mwetu kama wewe, sijui. Ninachokuahidi ni kwamba hatalibeba hili peke yake, na hakuna atakayemwita mvivu nikiwa nasikia.

Pumzika, Masika. Mama yako tunaye.

Dada yako wa kambini,
Akello