Sahani ya Violeth

Ipagala, Dodoma
10 Agosti 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na mbukwa ya Kigogo juu yake, usije ukasema mji umenisahaulisha kwetu. Goti linaendeleaje? Najua dawa ya kuchua niliyokutumia umeifungia kabatini, unangoja uumwe zaidi. Ipake, mama. Sisi tu wazima, na watoto wawili wa Elieth bado wako kwangu, wananimalizia karanga zako za Kongwa.

Barua hii isome mwenyewe, usimpe mjomba Abeli akusomee.

Kesi ya mdogo wangu Elieth imekwisha kusikilizwa. Hukumu ni Jumatatu. Wakili wake alimtetea vizuri. Alisema Elieth alimpenda Violeth, mtoto aliyemkuta kwa mumewe, na kwamba dawa ya wadudu wa mizabibu iliyomuua iliingia kwenye mboga kwa bahati mbaya, maana chupa yake ilikaa pamoja na ya mafuta. Ikikubalika hivyo, huenda akarudi nyumbani. Ikionekana alikusudia, ni kunyongwa.

Wakili wa Serikali akakiri kuwa hakuna aliyemwona akitia. Akasema nia ya mtu haionekani kwa macho, basi mahakama itazame mazingira. Watoto wale watatu walikula sahani moja kila siku. Siku ile wawili aliowazaa mwenyewe walitumwa wakale nyumba nyingine, wasirudi mpaka waitwe. Violeth alipotaka kuwafuata, alirudishwa.

Uliponipigia simu ulisema aliyetoa ushahidi huo ni Marselina, jirani yake, na kwamba umemtoa kwenye maombi yako. Mrudishe, mama. Marselina hakuitwa hata siku moja. Watoto walikuja kwangu. Niliwapakulia, nikafurahi kupata wageni, nao wakanieleza mwenzao alivyorudishwa. Shahidi ni mimi.

Elieth alinitazama kutoka kizimbani, mtoto yule yule niliyembeba mgongoni, nami nikasema yote. Nampenda hata leo, na kila Jumapili nampelekea chakula gerezani. Lakini Violeth alikuwa na miaka sita, na mle ndani hakuwa na wa kumsemea. Wanawe Elieth hawajui bado kuwa maneno yao niliyafikisha mahakamani. Wakiuliza, nitawajibu mwenyewe.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mjomba umwambie nimemkumbuka.

Jumatatu ukija kusikia hukumu, nitakuwa stendi nikikungoja tangu saa moja asubuhi. Ukishuka ukanipita bila neno, nitakubebea mfuko wako hivyo hivyo, nikufuate nyuma.

Mimi mwanao,
Devota