Sweta Uliyoifumia Kompyuta

Mama mpendwa,

Jana ulinipigia simu kutoka kwa dada huko Sagana ukasema, "Kikohozi imeisha. Shule zikikaribia kufunguliwa nakuja, hiyo mashine yangu uitie mafuta." Nikanyamaza. Ukauliza kama ni network, nikasema ndiyo, ni network. Haikuwa network, mama. Nilikosa namna ya kukuambia usirudi. Nimeona heri niandike, maana kwa simu utanikatiza kabla sijamaliza.

Unakumbuka siku niliyoleta kompyuta kwenye chumba chetu hapa Endarasha? Wewe ulikuwa kwenye mashine yako ya kufuma, unamalizia sweta za shule. Ulikuwa umefunga dirisha na kuziba ufa wa mlango kwa gunia, kwa sababu upepo wa milima ya Aberdare hauna adabu. Nilipoiwasha, feni ikavuma, ukashtuka. "Ati feni? Na vile tunatetemeka hapa?" Nikakueleza kwamba ndani kuna kitu kinaitwa prosesa, ndiyo akili yake, na kikifanya kazi kinachemka. Juu yake kuna chuma chenye mapezi membamba, na juu ya chuma kuna feni ya kukipoza. Uliguna tu.

Kesho yake nikakupata na utepe wa kupimia, unaipima kompyuta mabega. Ukaifumia sweta! Ya maruni, tena ukaiachia tundu la kitufe cha kuwashia. Wateja wangu wa kuchapisha na kutoa nakala walicheka mpaka machozi. "Hakuna kitu inakaa uchi kwa nyumba yangu," ukawaambia. Na ni kweli, kwako redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata mtungi wa gesi una chake. Nikiivua unaivalisha. Mwishowe tulipatana: asubuhi inavuliwa, jioni inavalishwa.

Basi ulipoenda Sagana kupumzisha kifua, kompyuta ikaanza kujizima. Inawaka, mteja anakaa, kabla hajapata karatasi yake, kimya. Nikalaumu sweta yako, nikaikunja nikaiweka kabatini. Ikajizima. Nikalaumu stima, maana unaijua stima ya hapa inavyopotea. Nikaigusa ubavu, ilikuwa moto kama sufuria ya githeri, na feni inalia kweli kweli lakini upepo unaotoka ni kidogo mno. Nikafungua, nikang'oa chuma kile pamoja na feni yake, nikafuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka kati yake na prosesa, nikapaka nyingine. Ikavumilia kidogo, ikajizima tena. Niliitukana kwa Kikuyu, mama, unisamehe.

Juzi nikaifungua mara nyingine, na safari hii nikaitenganisha feni na chuma. Chini ya feni kulikuwa na blanketi. Vumbi la uzi lilikuwa limeshikana juu ya yale mapezi mpaka hewa haina pa kupitia. Juu lilikuwa maruni. Nikaliinua kwa kibano cha nyusi, chini yake nikakuta kijani. Chini kabisa lilikuwa la kijivu, ile rangi ya sare ambayo shule ya hapa juu iliacha zamani. Kazi yako yote ilikuwa pale, imelala tabaka juu ya tabaka. Nilicheka peke yangu, nikachukua simu nikuambie kompyuta imejifumia sweta ya ndani. Ndipo nikakumbuka unavyokohoa.

Simu nikairudisha mezani. Feni ile ilikuwa inavuta hewa ya chumba hicho hicho, mama. Ndiyo hewa uliyovuta wewe, umeinamia mashine, dirisha limefungwa, na wewe ulianza kabla ya kompyuta. Sisi wote tulisema ni baridi. Ulipokohoa tukakuongeza sweta, tukaziba dirisha zaidi. Sagana ulipopata nafuu tukasema ni joto la huko. Na yule daktari alipokuuliza unafanya kazi gani, ulimjibu, "Mimi ni mkulima," nami nikaitikia kwa kichwa. Nani huku kwetu Kieni si mkulima? Kufuma hatukuwahi kukuita kazi. Kwetu ni kitu cha kushughulisha mikono viazi vikiendelea kukua.

Mimi si daktari. Huenda nimekosea, na Mungu anajua ninavyoomba niwe nimekosea. Lakini naogopa, tena sana. Kompyuta niliipiga brashi ikatulia, tangu hapo haijajizima. Kifua chako siwezi kukifungua kwa bisibisi nikakipangusa.

Najua utauliza, "Sasa nikae tu huku Sagana nikiangalia mto?" Mikono yako sijawahi kuiona imetulia, hata kanisani huwa inacheza na pindo la leso. Mashine yako sijaitia mafuta. Nimelifungua dirisha, upepo unanirushia karatasi chumba kizima, nami nafanya kazi na makoti mawili. Wateja wananiuliza kama nimerukwa na akili.

Nilipozaliwa mlinipa jina la mama yako, kama desturi yetu inavyotaka, na tangu hapo umeniita "maitu", mama yangu. Hata ulipokasirika: "Maitu, lete hiyo mwiko nikuchape!" Na nilikuwa nauleta. Kwa hivyo leo nisikilize kama mama yako. Usirudi kwenye chumba hiki kabla hujaonana na daktari tena. Dada akupeleke. Daktari akikuuliza kazi yako, usimwambie wewe ni mkulima. Mwambie unafuma, na mwambie umefuma maisha yako yote dirisha likiwa limefungwa.

Ukisoma haya, nipigie hata kama umekasirika. Leo nitasema, wala sitasingizia network.

Ni mimi,
binti unayemwita mama.