Pampu Isiyo na Sauti

Tata,

Ugonile. Nimeandika salamu hii kisha nikasimama kidogo, maana kwetu ni kumuuliza mtu kama amelala salama, na huko uliko sijui kama swali hilo linaulizwa. Nisamehe. Sijui namna nyingine ya kuanza kuzungumza nawe.

Nakuandikia nikiwa kwenye chumba chako cha samaki wa mapambo, na naogopa. Nakuambia mapema usije ukadhani nimekuwa jasiri tangu ulipotutoka. Naogopa nikiamka, naogopa nikila. Watu hapa Matema wanasema binti wa marehemu ameishika vizuri kazi ya baba yake, nami naitikia "ndaga fijo", nashukuru. Hawajui kwamba binti wa marehemu akipika wali anaacha sufuria jikoni na kukimbilia humu kutazama kama maji bado yanacheza.

Lazima nikueleze yaliyotokea siku ya msiba wako. Ulikuwepo, lakini si kwa namna ya kuona.

Unajua desturi yetu. Msiba ukiingia nyumbani, kila kinachopiga kelele kinanyamazishwa. Redio inazimwa, mashine ya kukoboa mpunga kwa jirani inasimama, hata watoto wanafinywa wakicheka. Basi Shangazi Subilaga, dada yako mkubwa, amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, akasikia mashine yako ya hewa inanguruma nyuma ya ukuta kama siku ya kazi. Akaona aibu. Kaka yake amelala pale, na mtambo wake unapiga makelele mbele ya watu waliokuja kumlilia! Akainuka, akaingia humu, akashusha swichi. Baadaye alinieleza mwenyewe, kwa wema kabisa, kwamba alizima ile ngurumo ili upumzike.

Mimi nilikuwa nimeshikwa na wanawake huku na huku, sikusikia lolote. Tulirudi kutoka makaburini, tukanawa mikono, ndipo nikaingia humu. Tata, walikuwa wanaelea. Wale wa bluu, wale wenye mistari uliowangoja msimu mzima, wote uliowatoa kwenye mawe ya Ikombe kwa mikono yako na kuwaweka tayari kwa safari. Matangi yote ya saruji, matumbo meupe tu. Swichi ilikuwa chini. Niliipandisha, mashine ikaanza kunguruma na kuwapulizia hewa samaki waliokufa. Sauti ile sijaisahau.

Nilipiga ukelele, watu wakaja. Shangazi akashika kichwa, akasema, "Wamemfuata mwenyewe." Basi. Neno likatoka mlangoni likavuka maji. Hadi leo nikienda Kyela mjini, watu nisiowajua wananishika mkono na kuniambia baba yako alikuwa mtu wa watu, hata samaki wake walikataa kubaki. Shangazi akilisimulia uso wake unang'aa. Ndilo linalompa usingizi. Na presha yake unaijua, daktari alishatuonya asishtuliwe. Ningemwambia nini? Kwamba aliwaziba pumzi kwa heshima?

Nikaiacha hadithi itembee.

Hawakufa wote. Tangi la juu liliendelea kudondosha maji kwenye kile kioo cha kwanza, lile tangi la vioo lililopangwa mawe, na mle walikuwa wachache. Wakabaki hai. Mmoja wao ni yule jike wa njano uliyekuwa unamwita Mama Mchungaji kwa sababu ya kutembea taratibu. Sasa ana mayai mdomoni, ndiko samaki hawa wanakoatamia. Taya limetuna, hali kitu, amejificha chini ya jiwe. Wewe ulinifundisha kwamba jike wa samaki wa mawe akishtuka atatema mayai au atayameza, na kazi yote imekwisha. Nikimtazama nashindwa hata kukohoa. Hao ndio mbegu yetu, Tata. Wakifa hawa nafunga mlango, maana sina kifua cha kupiga mbizi Ikombe kama wewe, na waliokuwa wakizamia nawe wameshaniambia hawaleti samaki kwenye chumba cha mkosi.

Kisha mashine yako ya hewa ikaanza kukohoa. Fundi akaifungua, akasema beringi zimekwisha, nitafute nyingine. Hapo ndipo uoga wangu ulipopata kazi ya kufanya.

Nilikwenda Kyela kwa Mzee Athumani, yule muuza vifaa ambaye babu yake alitoka Tanga, uliyekuwa unabishana naye kuhusu mpira wa miguu. Alinipa pole upya, akanikalisha kwenye ndoo ya rangi, akaanza kunitolea maboksi. Ya kupandisha maji kutoka chini, ya kuzama, ya hewa. Kila boksi limeandikwa lita kwa saa, na kila namba imenitisha kuliko iliyotangulia. Nikajaribu kukumbuka maneno yako. Usinunue nguvu, nunua mwendo. Kila kona ya bomba inakula nguvu, kwa hiyo usiamini namba ya boksi. Uso wa maji lazima ucheze, ndipo hewa inapoingilia. Na usiwapige samaki na maji usoni kama unaosha gari, yapige kwenye kioo kwanza, yarudi yakiwa yametulia.

Nilikumbuka pia ulivyonipeleka kwenye mawe nikiwa mdogo, ukanishika kiuno, ukaniambia nifumbe macho nisikie wimbi linavyoingia, linavyonyamaza, linavyorudi. Mimi nililia nikidhani utaniachia. Ulicheka mpaka ukanywa maji. Ukasema pampu nzuri ni ile inayofanya hivi, na mimi sikusikia neno, nilikuwa nimeng'ang'ania shingo yako.

Ningenunua mashine ya hewa kama ile ya zamani, yenye kelele zake. Nilishaishika mkononi. Lakini wiki ile ile alikuwa amefariki jirani yetu wa nyumba ya pili, na niliporudi kutoka kuchota maji nilimkuta Shangazi humu ndani. Mkono wake ulikuwa kwenye swichi. Alinigeukia akaniambia kwa upole, "Mwanangu, wenzetu wana msiba, tusiwapigie kelele." Nilimdanganya kwamba swichi ina shoti, itamrusha. Akautoa mkono haraka, akaenda zake akinisifu kwa kumjali. Mimi nikakaa chini kando ya swichi.

Ndiyo maana pale dukani niliirudisha ile ya kelele. Nikamuuliza Mzee Athumani kama ipo isiyosikika. Akafurahi kama mtu aliyekuwa anangoja swali. Akanitolea kapampu kadogo, kanashikizwa kwenye kioo kwa sumaku, ndani kana pangaboi. Akasema watu wa pwani wanaofuga matumbawe majumbani hawatumii kitu kingine, kwa sababu matumbawe yanataka maji ya kwenda na kurudi kama baharini. "Mwanangu," akasema, "hii ukiiwasha utadhani hujaiwasha."

Nilinunua kwa ajili ya sentensi hiyo. Sikununua kwa sababu ya samaki, nilinunua ili nisilazimike kumwambia dada yako ukweli.

Niliifunga kama ulivyonifundisha. Nilichukua pumba za mpunga kidogo nikazitupa majini, nikazifuata kwa macho. Zilizunguka, zikapita nyuma ya mawe, zikarudi. Kona moja zilituama, nikaigeuza pampu kidogo, zikaondoka. Mama Mchungaji alitoa pua, akaona maji yanamfaa, akarudi chini ya jiwe lake. Ungekuwepo ungenipigia makofi.

Lakini Tata, sikujua kwamba kelele ya ile mashine ndiyo iliyokuwa inanituliza. Zamani ukiwa shambani, mimi nikiwa jikoni, tukiisikia tulijua wako hai. Sasa chumba kimenyamaza, na pampu nzima na pampu iliyokufa zinasikika sawasawa. Nikawa natia kidole majini kila mara kupapasa mwendo. Nimefanya hivyo katikati ya kula, katikati ya kusali. Shangazi akanitania kwamba nina mchumba humu chumbani.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuuza kakao. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha milimani, mto ukaleta tope, na maji niliyoyajaza asubuhi hayakuwa safi. Niliporudi nilimkuta Shangazi amekaa humu kwa raha zake, anamenya ndizi mbele ya kioo. Aliponiona akatabasamu. "Njoo uone, wamekuja juu wote kunisalimu."

Walikuwa juu, Tata. Midomo nje ya maji, wanatweta. Pampu ilikuwa imesimama, na tope lilikuwa limeziba bomba la tangi la juu. Konokono mdogo, hata ukucha wa kidole changu cha mwisho ni mkubwa kuliko yeye, alikuwa ameingia kwenye pangaboi. Shangazi alikuwa amekaa nao muda wote ule na hakusikia kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kusikia. Mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo.

Nilinyakua jagi nikaanza kuchota maji na kuyamwaga kutoka juu, kuchota na kumwaga, ili yachukue hewa. Shangazi alitupa ndizi, akachukua kata, akamwaga pamoja nami bila kuuliza. Mama Mchungaji alikuwa amelala ubavu, taya lake limetuna vile vile. Ndipo Shangazi akauliza, huku anamwaga, kwani wana nini. Na mimi, kwa hofu tu, bila kupanga, nikapiga kelele: "Hawana hewa! Mashine ikizimwa wanakufa!"

Kata ikabaki juu. Maji yakamwagikia mguu wake.

Nilimwona akifikiri. Sijawahi kuogopa uso wa mtu kama nilivyouogopa ule. Nilitamani kumwambia kitu chochote kingine, kwamba ni joto, kwamba ni tope. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na siku ile?"

Nilichota jagi lingine, nikamwaga bila kumtazama. Nadhani hilo ndilo lililokuwa jibu. Nilingoja aanguke. Niliwaza vidonge vyake viko wapi, niliwaza gari gani lingetufikisha hospitali kwenye barabara ile yenye tope. Hakuanguka. Aliinamisha kata, akachota, akaendelea kumwaga, machozi yakishuka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Tulimwaga mpaka nikaweza kumtoa konokono na maji yakaanza kucheza tena.

Mama Mchungaji alisimama. Mayai hakuyatema. Hakuna mwingine aliyekufa. Lakini Shangazi hakula siku ile, na kesho yake alibaki amekaa ukumbini akitazama ziwa, nami nilizunguka kati yake na kioo, sijui nimpapase yupi kwanza.

Jumatatu nilirudi kwa Mzee Athumani. Ile ya kimya nimeibakiza, inazungusha maji, na nimeivisha wavu mlangoni. Ila nimeongeza mashine ya hewa yenye kelele, na betri ya sola umeme ukikatika. Moja ikifa nyingine ipo. Ungeniambia hivyo tangu mwanzo, najua. Mzee Athumani aliniomba radhi kwamba hii ya pili itatusumbua masikio. Nilimwambia asijali.

Jana wanawake wa kanisani walikuja kututazama. Mmoja wao akaanza tena ile hadithi, jinsi samaki walivyomfuata mwenyewe. Nilitazama chini. Shangazi akamkatiza. Akasema mbele ya wote, bila kupaza sauti, "Hapana. Mimi ndiye niliyewazimia mashine. Sikujua." Chai ikapoa kwenye vikombe. Walipoondoka alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, akaniambia siku yake ikifika mashine isizimwe. Hata kama padre anasali. Hata kama hawasikii neno la sala. Nikamwambia aache maneno hayo. Akanikaza zaidi mpaka nikakubali.

Kwa hiyo naogopa bado, ila sasa naogopa mambo mawili kwa wakati mmoja. Mashine inanguruma hapa pembeni yangu, na ng'ambo ya ukuta dada yako amelala mchana huu, nami nasikiliza kifua chake katikati ya kelele na sikipati vizuri. Kila mara nainuka kwenda kumtazama. Nimeshainuka tena sasa hivi kabla ya mstari huu. Anapumua.

Nakuahidi, Tata. Siku hiyo, nayo Mungu aiweke mbali, nitasimama mwenyewe kwenye mlango huu. Waje wazee wa ukoo, waje wanakwaya, waje wanaotaka kunifundisha adabu. Nitaogopa, unanijua, lakini hakuna mkono utakaonipita. Tutamzika dada yako huku mashine inanguruma, na wakisema binti yako hana heshima, nitawaacha waseme.

Kwaheri, Tata. Tusamehe kelele.

Binti yako,
Atupele